Cheche si Makali

Pita kwenye karakana za maseremala wa Kahama, Shinyanga mjini au Katoro, utasikia grenda ikilia na kuona cheche zikiruka. Mwenye patasi amesimama pembeni, ameridhika, akidhani kila cheche ni makali. Mara nyingi anachokishuhudia ni patasi yake ikiharibiwa, tena kwa pesa yake.

Ugumu wa patasi, tezo au kisu cha kuchongea hautoki kwenye jiwe la kunolea. Uliwekwa ndani ya chuma siku kilipochovywa majini kikiwa chekundu. Kunoa ni kuufichua tu, na anayenoa vibaya anaweza kuufuta kabisa.

Anayelijua hili vizuri kuliko seremala ni mhunzi wa machimboni. Moko, ile patasi nene ya kuvunjia mwamba, haidumu na ncha yake kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Geita. Sehemu kubwa ya dhahabu ya wachimbaji wadogo imo kwenye mishipa ya kwatzi, jiwe jeupe lenye ugumu wa daraja la 7 kwenye kipimo cha Mohs. Chuma cha kisu cha kawaida ni kama 5.5. Kwa hiyo moko hurudi kwa mhunzi kila mara, na tiba yake ni moto.

Mhunzi anayejua kazi huipasha ncha mpaka iwe nyekundu, akaifua, kisha akaichovya majini ncha peke yake. Hapo inakuwa ngumu kupita kiasi, ukiigonga inakatika. Basi huisugua haraka kwa jiwe mpaka ing'ae, akatulia akiitazama. Joto lililobaki nyuma linaanza kurudi kuelekea nchani, na rangi zinatambaa pamoja nalo: manjano hafifu kwenye nyuzi 220 hivi za Selsiasi, kahawia karibu na 250, zambarau karibu na 280, buluu joto likifika 300. Rangi hizo ni ngozi ya oksidi juu ya chuma, nyembamba kiasi cha kuchezea mwanga kama petroli juu ya maji ya dimbwi. Joto likipanda ngozi hunenepa, rangi hubadilika, na ugumu wa chuma hupungua. Chombo cha kuchongea mti husimamishwa kwenye manjano. Moko, inayopigwa nyundo kutwa, huachwa ifike zambarau au buluu ndipo ichovywe tena, kwa sababu moko laini kidogo ni bora kuliko moko iliyokatika ndani ya shimo.

Sasa rudi kwenye grenda. Ile ndogo ya mkono huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Makali ya patasi ni membamba, joto halina pa kukimbilia, na kufumba na kufumbua utaona mstari wa buluu. Ni zile zile nyuzi 300. Fundi huufuta kwa msasa, chuma kinang'aa, mteja anaondoka. Ulaini umebaki pale pale. Mninga mkavu utayakunja makali hayo kabla ya saa sita mchana, na lawama zitaangukia patasi "feki".

Ndiyo maana namheshimu mnoaji wa baiskeli. Jiwe lake huzunguka kwa nguvu ya miguu, na miguu huchoka kabla chuma hakijaungua.

Hata mawe ya granaiti yaliyotapakaa Usukumani yanafaa kwa kisu cha jikoni. Kwatzi iliyo ndani yake inakata chuma, ila imechanganyika na chembe laini zaidi, hivyo mikwaruzo haitoki sawa. Almasi ndiyo mfalme wa kunoa, na Mwadui imekuwa ikiichimba tangu 1940, lakini bamba la almasi la kunolea linalouzwa madukani kwa kawaida limepakwa almasi ya kiwandani.

Hatua inayorukwa na karibu kila mtu ni ya mwisho. Ukinoa upande mmoja hadi makali yakutane, unyuzi mwembamba wa chuma hujikunja upande wa pili. Pitisha dole gumba kutoka mgongoni kuelekea makali, usiliburute kwa urefu wa makali lisije likakatwa, utausikia unyuzi huo ukikwaruza. Wengi huudhania kuwa ndio ukali wenyewe, kumbe utakatika kwenye pigo la kwanza. Geuza, noa kidogo upande wa pili kwa jiwe laini, kisha vuta kisu kinyumenyume juu ya ngozi. Kwenye nchi ya ng'ombe kama Usukumani, kukosa kipande cha ngozi ni uvivu.

Linaloniudhi zaidi ni chuma chakavu. Warongo wa upande wa Geita waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyouzwa hadi Usukumani, wakati kila kilo ya chuma ilikuwa jasho na mkaa. Leo springi ya lori, yenye kaboni ya kutosha kutoa tezo la kurithisha, inauzwa kwa kilo pamoja na mabati. Kisha tunanunua patasi laini zenye rangi nzuri. Na chombo butu hula miti: hung'oa nyuzi badala ya kukata, kinu kinachochongwa kinapasuka, gogo jingine linaangushwa. Shinyanga imerudisha ngitili zake, yaani maeneo ya malisho na miti yaliyohifadhiwa, kwa jasho tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986. Haifai miti hiyo iishie kuwa vipande vya kuni kwa sababu ya tezo butu.

Kanuni ya kutoyaunguza makali ni hiyo hiyo kwa shoka, randa, kisu cha bucha, mkasi wa fundi cherehani, panga, hata jembe.

Ukimpelekea fundi wa grenda kisu chako, simama hapo hapo, mwambie aguse kidogo na kuchovya majini kila mara. Ukiona buluu kwenye makali, usimlipe mpaka aondoe chuma chote kilicholainika, si rangi tu, kwa jiwe la maji.