Meli iliyozamishwa ziwani mwetu, ikafufuka

Ndugu zangu, nilipokuwa sekondari hapa Kalemie, tulisoma istoria ya Lusitania: meli kubwa ya abiria iliyopigwa na Wadachi mwezi wa 5, 1915, wakafa watu karibu 1.200. Tukafanya mtihani, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba mwaka ule ule ziwa letu pia lilikuwa na meli yake.

Iliitwa Graf von Götzen. Wadachi waliitengeneza Papenburg, kwao, 1913. Wakaifungua vipande vipande, wakaijaza katika makasha 5.000, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, halafu reli mpaka Kigoma. Huko waliiunga tena, na 1915 ikaingia majini. Urefu wake karibu mita 70! Wabelgiji huku ng'ambo hawakuwa na bato ya kupambana nayo. Na mwenye ziwa ndiye aliyeamua nani avuke na askari wake.

Waingereza wakaleta mabato mawili madogo, Mimi na Toutou. Yalipita Cape Town, Lubumbashi, milima ya Mitumba, Lualaba na Kabalo. Milimani yalivutwa na mashini za mvuke, ng'ombe, na watu. Yakitoka kwetu Kalemie, yalikamata Kingani tarehe 26/12/1915, na tarehe 9/2/1916 yakasaidia kuzamisha Hedwig von Wissmann.

Lakini Götzen hawakuiweza. Ni Wadachi wenyewe walioizamisha tarehe 26/7/1916, walipoona Kigoma inawaponyoka. Kabla ya hapo mafundi waliipaka mashini grisi nyingi, maana walitumaini kurudi. Hawakurudi. Grisi ile ilimfaa adui: Waingereza waliinua meli 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Ndiyo ile ile iliyorudisha wakimbizi wetu kutoka Kigoma mpaka Uvira, 1997.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Majina ya mabato tunayo, hata ya makapiteni. Lakini waliofyeka njia kule Mitumba, waliobeba makasha na kuni, walikuwa mababu za watu. Majina yao yako wapi?

Sisi tuliomaliza masomo tusingoje kitabu kitoke Ulaya. Kama kwenu kuna mzee aliyesimuliwa na baba yake habari za vita ile, kaa naye jioni moja, uliza, andika. Anza na jina.