Limfoma ya Burkitt: Safari ya Ugunduzi Kutoka Wodini na Kurudi Wodini

Limfoma ya Burkitt ni saratani ya zile chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Huwapata hasa watoto wa ukanda wa joto wa Afrika, mara nyingi kwenye taya au tumboni, na kasi yake hufikiwa na saratani chache sana: chembe zake zaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Historia yake imefungamana na Hospitali ya Mulago, Kampala, na kituo cha tiba ya limfoma kilichofunguliwa hapo mwaka 1967, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mara nyingi husimuliwa kwamba ugunduzi huzaliwa maabara kisha ukateremka hadi kwa mgonjwa. Huu ulianzia kwa mgonjwa mwenyewe.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Mulago, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto mwenye uvimbe katika pembe zote nne za taya. Muda si mrefu akamwona mwingine wa namna hiyo hiyo Jinja. Alipopekua majalada ya hospitali aligundua kwamba watoto wenye uvimbe wa taya aghalabu walikuwa na uvimbe tumboni pia, ila kila kiungo kilikuwa kimeandikiwa ugonjwa wake. Makala yake ilitoka 1958, na wanapatholojia wa Kampala wakabaini kwamba yote hayo ni limfoma. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walishika njia kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakipita hospitali baada ya hospitali na kuuliza kama uvimbe huo unajulikana. Ramani waliyorudi nayo ilionyesha ugonjwa mahali penye joto na mvua, na kutoweka kwake kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ilikuwa karibu sawa na ramani ya malaria.

Mwaka huo huo Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti wa virusi Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona kwa darubini ya elektroni kirusi ambacho sasa huitwa Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kirusi hicho kimeenea duniani kote na wengi wanacho bila kuugua. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inayoaminika kudhoofisha ulinzi wa mwili unaokidhibiti na kuzichochea chembe zinazokibeba zizaliane ovyo.

Upande wa tiba, uhaba ndio uliofungua njia. Kampala haikuwa na mashine ya mionzi, na kukata taya la mtoto hakukusaidia kitu, kwa hiyo Burkitt aligeukia dawa ambazo wakati huo zilikuwa bado changa, kama vile methotreksati na saiklofosfamaidi. Uvimbe ulinywea ndani ya siku chache. Baadhi ya watoto walipona kabisa. Wengine walirudi baada ya miezi, hali zao mbaya kuliko mwanzo, na hakuna aliyeweza kueleza tofauti ilitoka wapi.

Swali la namna hiyo halijibiwi na daktari mmoja hodari. Kituo cha 1967, kilichoanzishwa kwa ushirikiano wa Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani chini ya John Ziegler, kilileta kitu ambacho wodi ya kawaida haina: kila mtoto alipimwa kwa utaratibu mmoja, akapewa dawa kwa mpango ulioandikwa, akalinganishwa na wenzake, kisha akafuatiliwa hata baada ya kurudi kijijini. Ufuatiliaji huo, kazi ya vumbi na barabara mbovu ambayo vitabu vya sayansi huitaja kwa mstari mmoja, ulionyesha kwamba ugonjwa ulijificha kwenye ubongo na maji ya uti wa mgongo, mahali ambapo dawa ya mshipani hufika kwa shida. Dawa ikaanza kuingizwa moja kwa moja kupitia mgongoni. Leo jaribio kama hilo halianzi bila idhini ya kamati ya maadili na ridhaa ya mzazi.

Hata hivyo dawa sahihi peke yake yaweza kuua. Uvimbe unaovunjika kwa kasi humwaga potasiamu na asidi ya yuriki kwenye damu, figo zikazidiwa. Mtoto huhitaji dripu ya maji ya kutosha, dawa ya alopurinoli, vipimo vya damu vya mara kwa mara na muuguzi anayejua dalili za hatari. Ndiyo maana katika nchi tajiri takriban watoto tisa kati ya kumi hupona, ilhali Afrika Mashariki, ugonjwa ulikotambuliwa, wanaopona ni wachache zaidi.

Enzi ya Idi Amin watafiti wa Kimarekani waliondoka, na taasisi ikabaki mikononi mwa Charles Olweny na wenzake Waganda. Ushirikiano na kituo cha Fred Hutchinson cha Seattle ulianza 2004, na jengo lao la pamoja lilifunguliwa Kampala mwaka 2015, likiwa na maabara, kliniki na nafasi za mafunzo.

Kikwazo kikubwa sasa kiko kabla ya wodi. Mtoto mwenye meno yanayolegea hudhaniwa ana jipu, hung'olewa jino, kisha hurudishwa nyumbani. Akifika hospitali ya rufaa, jibu la kipande cha nyama laweza kuchukua wiki kadhaa, na uvimbe hausubiri. Kwa sababu hiyo watafiti wa Tanzania na Uganda, pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford, wamekuwa wakijaribu kipimo cha damu kinachotafuta vinasaba vya uvimbe na vya kirusi cha Epstein-Barr, ili tiba ianze bila kungoja upasuaji.