Sura ya Nne: Hesabu ya Matuta

Walimu wengi husoma nadharia za ujifunzaji chuoni kama orodha ya wafalme: Skinner na zawadi zake, Piaget na hatua zake, Vygotsky na mazingira yake ya jamii. Mtihani ukipita, wafalme hubaki daftarini. Sura hii inaziingiza nadharia hizo darasani kwa mada moja tu, mteremko, na katika kaunti moja, Machakos, ambako mada yenyewe imechimbwa ardhini.

Katika miaka ya 1930 maofisa wa kilimo wa kikoloni waliiona Machakos kama nchi inayoangamizwa na mmomonyoko. Leo vilima vya Iveti na Mua vimekatwa matuta ya fanya juu. Mkulima huchimba mtaro kwa kufuata kontua, udongo akautupa upande wa juu. Mvua hushusha udongo mwingine nyuma ya tuta, na misimu ikipita shamba hugeuka ngazi. Matuta mengi ni kazi ya mwethya, vikundi vya Wakamba vya kusaidiana. Kwa hiyo mtoto wa huku haji darasani mtupu.

Ila anachokijua kina kasoro. Mwulize: shamba la kwanza linashuka mita 2 katika umbali wa mita 20, la pili mita 1.6 katika mita 10. Lipi kali zaidi? Wengi watataja la kwanza, maana 2 ni kubwa kuliko 1.6. Wanapima kimo, hawapimi uwiano. Piaget alishikilia kwamba akili husogea pale inapogongana na jambo lisiloingia katika mpango wake wa zamani. Basi usimkosoe haraka. Mpeleke kwenye miteremko miwili ya aina hiyo, apande yote, miguu yake imbishie.

Hapo ndipo masomo mengi yenye "shughuli" huharibika. Mwaka 1998 Kenya na Japani zilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari, na Makueni, iliyomegwa kutoka Machakos mwaka 1992, ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza. Mradi ulihimiza vitendo, majaribio na kubuni vifaa kwa vilivyopo. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, unadai mambo yaleyale. Ni madai mazuri, lakini nimeona vipindi ambamo wanafunzi walipima kwa furaha, wakarudi ndani, wakakuta kanuni ubaoni. Jerome Bruner alieleza njia tatu za kulishika jambo: kwa kutenda, kwa picha, kwa alama. Vipindi hivyo viliruka picha. Mwanafunzi aliyeshika uzi wenye pimamaji kati ya fito mbili sharti kwanza auchore uzi huo: mstari wa mlalo mita 10, mstari wa wima mita 1.6. Pembetatu ikishaonekana, 1.6 gawanya kwa 10 haina ugeni tena. Asilimia 16.

Pimamaji ikiwa moja kwa wanafunzi hamsini, fremu ya miti mitatu yenye umbo la herufi A, uzi na jiwe itaonyesha kontua vilevile. Vikundi vikibishana kwa Kikamba, viache vibishane. Kwa Vygotsky, fikra huanza kati ya watu kabla ya kutulia ndani ya mtu.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna mtoto atakayeligundua mwenyewe. Wataalamu wa hifadhi ya udongo nchini Kenya hukadiria tofauti ya kimo kati ya tuta na tuta hivi: gawanya asilimia ya mteremko kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3. Kwa asilimia 16 unapata mita 1.8. Hayo ni makubaliano ya wahandisi, na kumwacha mwanafunzi "ajigundulie" ni kumtesa. John Sweller alionyesha kwamba anayeanza hunufaika zaidi na mfano uliofanywa hatua kwa hatua, kwani akili hubeba mambo machache kwa wakati mmoja. Fanya mfano mmoja mzima, wa pili uache hatua ya mwisho, wa tatu waachie wao.

Baada ya wiki, madaftari yakiwa yamefungwa, uliza: kwenye mteremko wa asilimia 16, tuta na tuta yataachana mita ngapi kwa mlalo? Kukumbuka bila kuchungulia huimarisha kumbukumbu kuliko kusoma upya. Anayegawanya 1.8 kwa 0.16 atapata mita 11.25. Yuko atakayegeuza, alete sentimita 9. Usimwekee mkasi. Mwulize ng'ombe wa plau watapita wapi.