Mtoto wako anapenda kuchora? Jifunze kwa timu hii iliyofufuka

Mzazi anayekagua daftari la hisabati mara nyingi hukuta kurasa za nyuma zimejaa katuni. Swali linalofuata linajulikana katika nyumba nyingi: “Hii michoro itakulisha?”

Wakati mzazi akiuliza hivyo, huenda kidole chake kiko kwenye simu, juu ya kipicha kidogo cha bahasha, kamera au pipa la taka. Vipicha hivyo huitwa aikoni. Kila kimoja kilichorwa na mtu aliyekaa akafikiri namna ya kumfanya mgeni aelewe bila kusoma hata neno moja.

Baadhi ya wachoraji hao hawalipwi. Hujitolea katika jumuiya za programu huria, yaani programu ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzinakili na kuzirekebisha bure. Moja ya jumuiya hizo ni KDE, na historia ya wachoraji wake ina somo kwa mzazi mwenye mtoto anayeshika penseli kila dakika.

Kila programu na sura yake

KDE ilianza mwaka 1996. Matthias Ettrich, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Ujerumani, alikerwa na jambo moja: programu za kompyuta yake zilionekana kama zimetoka nyumba tofauti, kila moja na vitufe na tabia zake. Akaomba wenzake kupitia intaneti wajenge pamoja mazingira yenye sura moja.

Waliitikia watu wa nchi nyingi. Januari 2008 jumuiya hiyo ilitoa toleo la nne likiwa na michoro mipya iliyoitwa Oxygen. Aikoni zake ziling’aa, zikawa na vivuli kama vitu halisi vilivyowekwa mezani.

Zilipendeza, lakini kuzichora ni kazi nzito. Picha inayovutia ikiwa kubwa hugeuka doa ikipunguzwa, hivyo kitu kilekile hubidi kichorwe kwa vipimo tofauti. Zidisha hayo kwa mamia ya aikoni. Kazi ya namna hiyo ikibebwa na mikono michache, huchosha.

Timu hunyamaza kabla ya kufa

Wachoraji wa kujitolea wana mzigo mwingine. Anayeandika programu akirekebisha kosa, kila mtu huona kama limekwisha au bado. Picha haina kipimo hicho. Kila anayepita ana maoni: rangi imezidi, mstari mnene, ile ya zamani ilikuwa nzuri.

Kijana mgeni huleta mchoro wake wa kwanza, akapokea masahihisho kumi na asipate asante hata moja. Hagombani na mtu. Harudi tu. Wakifanya hivyo watatu au wanne, timu hubaki jina.

Kwa KDE, mwamko ulikuja mwaka 2014. Mchoraji mmoja kutoka Sweden, ambaye hakuwa mtaalamu wa kuandika programu, alikusanya wenzake wakaunda kundi la usanifu wa mwonekano, linalojulikana kwa kifupi kama VDG. Michoro ilijadiliwa hadharani, na mtu hakuhitaji kujua kuandika programu ili aseme neno au alete wazo.

Julai mwaka huohuo, toleo jipya la mazingira ya KDE, Plasma 5, lilitoka na sura iliyoitwa Breeze, yaani upepo mwanana. Aikoni nyingi ndogo zilikuwa za mistari myepesi, bila mng’ao wala vivuli vingi. Zikawa na kanuni zilizoandikwa, ili mchoraji mwingine aweze kufuata mtindo uleule bila kukisia.

Mwaka 2017 jumuiya nzima ilichagua malengo matatu ya kufanyia kazi. Moja lilikuwa kurahisisha njia ya wageni wanaotaka kusaidia. Mwaka 2019 ikafanya shindano la picha ya kupamba skrini ya Plasma, na zawadi ya mshindi ilikuwa kompyuta. Picha yake ikawekwa kwenye toleo jipya, ikaonekana kwa kila aliyeliwasha.

Ukiyatazama kwa karibu, yaliyoisaidia timu hayakuwa makubwa: mlango wazi, kazi zinazogawanyika, maelekezo yaliyoandikwa, na kazi ya mtu kuonekana.

Zana zipo, tena bure

Mzazi anayetaka kumsaidia mtoto hahitaji kuanza kwa kununua programu. Krita, ya kuchora na kupaka rangi, imetoka katika jumuiya hiyohiyo ya KDE. Nembo yake hai ni kindi aitwaye Kiki, aliyebuniwa na mchoraji wa China, Tyson Tan, ambaye pia alimpa sura mpya Konqi, joka la kijani la KDE. Inkscape hutumika kuchora nembo na aikoni, na GIMP hurekebisha picha.

Zana hizi si za kuchezea. Pengwini maarufu wa Linux, Tux, alichorwa na Larry Ewing kwa GIMP mwaka 1996. Filamu ya Flow, iliyotwaa Oscar ya filamu bora ndefu ya uhuishaji mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender, programu nyingine huria.

Mambo ya kuzungumza kabla

Kwanza, kujitolea si ajira. Mtoto asiahidiwe pesa. Anachopata ni mazoezi, walimu wasiomlipisha, na kazi anayoweza kumwonyesha mwajiri baadaye.

Pili, leseni. Mchoro ukishatolewa kwa leseni huria, wengine wanaweza kuutumia na kuubadilisha, na leseni nyingi za aina hii huruhusu hata biashara. Someni masharti pamoja kabla ya kutuma.

Tatu, kazi iwe yake. Kunakili picha ya mtu mtandaoni na kuiita yako kunavunja imani, na katika jumuiya hizi historia ya kila kazi huwekwa wazi.

Nne, usalama. Majadiliano ni ya hadharani na maneno hubaki. Mtoto atumie jina la kuchorea badala ya jina kamili, asitaje shule wala anakoishi, na mzazi aijue akaunti anayotumia. Angalia pia umri unaoruhusiwa.

Tano, bando na muda. Kuchora kwenyewe hakuhitaji intaneti. Programu ikishapakuliwa mara moja, mtoto anaweza kufanya kazi wiki nzima bila bando.

Jaribio la jioni moja

Hata nyumba isiyo na kompyuta inaweza kuanza. Mpe mtoto karatasi na mwambie achore bahasha, pipa la taka na mwavuli, kila kimoja ndani ya kisanduku kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Kisha apeleke kwa bibi au jirani bila kusema ni nini.

Wakitambua vyote vitatu, amefaulu kazi inayowasumbua wachoraji wakubwa. Wakishindwa kimoja, asiambiwe kwamba ni kibaya. Aulizwe mstari gani autoe ili kieleweke, ajaribu tena, kisha apelekee yuleyule aliyeshindwa.

Na kabla ya masahihisho hayo, mzazi aanze na neno lililokosekana kwa wachoraji wengi walioacha timu zao kimya kimya: asante kwa kunionyesha.