Panya wa Maabara na Uji wa Rombo

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza katika miezi michache. Walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Kipindi hichohicho vifaranga vya bata vilikufa pia Kenya na Uganda. Uchunguzi ukaibua aflatoksini, sumu itokanayo na ukungu (sumukuvu), na vifaranga vya bata vya siku moja vikawa kipimo chake maabara, maana sumu kidogo tu huvuruga mirija ya nyongo ndani ya ini lao. Panya waliolishwa mashudu yale kwa miezi mingi walipata saratani ya ini.

Kwa sisi wa Kilimanjaro, tunaovuna mahindi tambarare na kuyapandisha kihambani (shamba la nyumbani mlimani) kwenye mawingu na unyevu, ipo sumukuvu nyingine ya kuangaliwa kwa makini: fumonisini. Ilitambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988. Ukungu wake huingia hindi likiwa bado shambani, na mara nyingi punje iliyoathirika huonekana nzima. Sumu hii inafanana kwa umbo na mafuta fulani yanayojenga utando wa seli, hivyo huzuia kimeng'enya kinachoyaunda. Madhara hutofautiana kwa mnyama: farasi huoza ubongo, nguruwe hujaa maji mapafuni, panya huumia ini na figo.

Je, mtoto wa binadamu? Hatuwezi kumlisha sumu ili tumpime, na ndiyo maana kazi ya mtafiti Martin Kimanya na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2010, ina uzito mkubwa. Walifuatilia watoto wachanga 215 wa Rombo, hapa Kilimanjaro, na uji wao wa mahindi. Walipotimiza miezi 12, waliokula fumonisini kupita kiwango kinachovumilika, yaani mikrogramu 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, walikuwa wafupi kuliko wenzao kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kwamba sumu ndiyo iliyowadumaza, lakini kwangu unatosha kabisa kuchukua hatua.

Kuchemsha uji hakuondoi sumu hizi. Kinachosaidia ni kuanika juu ya turubai badala ya udongo, kuchambua punje mbovu kwa mkono, na kukoboa, kwa kuwa fumonisini nyingi imo kwenye ganda na kiini. Lakini pumba hizo, pamoja na punje tulizozitupa, kwa kawaida huishia bandani kwa nguruwe, mnyama yuleyule anayejaa maji mapafuni.