Kweli au uongo: mtu wa sebene anaweza kulitungia jukwaa la maigizo?

Hapa Uvira, mashariki mwa Kongo, hatuna uhaba wa watunzi. Kuanzia Kavimvira hadi Kalundu kuna kwaya zenye nyimbo zao wenyewe, na kuna vijana wa gita, wale wa sebene inayochezesha watu, na wa rap. Lakini mwombe mmoja wao atunge muziki mpya wa mchezo mzima wa kuigiza, uone visingizio vitakavyotoka. Tuvipime.

"Hiyo ni kazi ya wasomi wa nota, si ya watu wa sebene."

Uongo, na ushahidi uko humu humu nchini. Mwaka 2009 Faustin Linyekula, mtunga dansi wa Kisangani, alitoa onyesho lake la more more more… future. Muziki alimkabidhi Flamme Kapaya, yule mpiga gita la solo aliyevuma na mwimbaji Werrason. Maneno yalitoka kwa Antoine Vumilia Muhindo, mshairi na mfungwa wa kisiasa. Ndombolo, muziki tuliozoea kuuita wa starehe, ukabeba sauti ya mtu aliyefungwa! Kapaya hakuiacha sebene mlangoni. Aliingia nayo, akaizidishia ukali, na onyesho hilo likafika Ulaya na Marekani. Hata kabla yake, mwaka 1974, mwanamuziki Ray Lema alikuwa ameteuliwa kuongoza muziki wa Balé ya Taifa ya Zaire.

"Ukipanga nyimbo tamu kwa mfuatano, mchezo umekwisha."

Uongo, na ndio unaoharibu kazi nyingi kuliko wote. Wimbo wa dansi umejengwa usimame peke yake: beti, kiitikio, kisha sebene inafunguka, atalaku, mhamasishaji wa bendi, anapandisha, watu wanacheza mpaka wachoke. Wimbo wa mchezo una kazi nyingine. Mhusika anaanza kuimba kwa sababu kuna kitu anakitaka. Akimaliza, awe ameamua, amedanganyika au amekata tamaa. Kama yuko pale pale alipoanzia, mwongozaji ataukata wimbo huo mazoezini, hata uwe mtamu namna gani, na atakuwa na haki.

Halafu kuna mabanga. Kwenye albamu, jina la mfadhili likitajwa, fedha inaingia. Kwenye mchezo, mama anayemlilia mwanawe aliyezama ziwani hawezi kukatiza kilio ili amsifu mfanyabiashara wa Bujumbura. Pato hilo mtunzi analiacha. Kwa hiyo malipo yake yapangwe mapema na yaandikwe kabla hajashika gita. Kumwita msanii atunge kwa miezi na kumlipa kwa soda ni dhuluma.

Tukirudi kwenye kupanga nyimbo tamu, ni kweli kwamba ipo michezo iliyojengwa juu ya nyimbo za zamani. Mamma Mia!, iliyoanza London mwaka 1999, inatumia nyimbo za ABBA. Lakini watunzi hao hao wawili wa ABBA, Benny Andersson na Björn Ulvaeus, walikwisha kutunga muziki mpya kabisa wa Chess, iliyopanda jukwaani London mwaka 1986.

"Jina kubwa linajaza ukumbi."

Uongo. Paul Simon, yule wa albamu ya Graceland, alitunga The Capeman pamoja na Derek Walcott, mshairi mwenye Tuzo ya Nobeli. Ilifunguliwa Broadway Januari 1998 na kufungwa Machi, baada ya maonyesho 68 tu.

"Ni mambo ya Wazungu."

Uongo. King Kong, mchezo wa nyimbo wa Johannesburg wa mwaka 1959, ulitungiwa muziki na Todd Matshikiza, mpiga piano wa jazz. Kampala, Byron Kawadwa aliandaa Oluyimba lwa Wankoko, mchezo wa nyimbo kwa Kiganda. Mwaka 1977 ulipelekwa Lagos kwenye tamasha la FESTAC. Aliporudi, utawala wa Idi Amin ukamuua. Mchezo wa namna hiyo una nguvu, na watawala waliijua.

Na Nairobi, Eric Wainaina, ambaye wengi wanamfahamu kwa "Nchi ya Kitu Kidogo", aliandika Mo Faya, hadithi ya mtangazaji wa redio katika mtaa wa mabanda. Mwaka 2009 ilionyeshwa New York.

"Kwetu hakuna pa kuanzia."

Hapa nakubali nusu. Ukumbi wenye taa na vyombo vya kutosha ni tatizo la kweli. Waimbaji si tatizo: kwaya zetu zinashika sauti nne kwa sikio, bila karatasi. Anayekosekana ni mwandishi wa hadithi atakayekaa na mtunzi tangu siku ya kwanza, wakubaliane nani anaimba, anamwimbia nani, na kwa nini hawezi kusema tu. Wakitumia Kiswahili, mchezo huo utaeleweka Bujumbura na Kigoma bila mkalimani.