Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Matembezi Katika Kijiji cha Sipi

Wengi wetu tusikiapo neno matembezi hufikiria mbuga za wanyama au pwani ya bahari. Ni nadra kukumbuka kijiji cha wakulima. Hata hivyo, mashariki ya Uganda, katika miteremko ya Mlima Elgon, kiko kijiji kitulivu cha Sipi, Wilaya ya Kapchorwa, ambacho humfaa kila apendaye kupumzisha akili na kunyoosha miguu.

Msafiri huondoka mjini Mbale na kupanda mlima kwa barabara ya lami. Baridi ndiyo impokeayo kwanza, kwani Sipi iko katika mwinuko unaokaribia mita 1,800. Wenyeji wake ni Wasabiny, wakulima wa kahawa ya arabika, migomba, mahindi na maharage. Jioni, jua likizama juu ya tambarare za chini, hata mwenye maneno mengi hunyamaza.

Mto Sipi huanguka mara tatu, na poromoko lililo refu kupita yote hukaribia mita 100. Kuyafikia yote matatu ni kazi ya saa kadhaa, kwa njia nyembamba zipitazo katikati ya mashamba. Wenye moyo mgumu hushuka genge kwa kamba, chini ya uangalizi wa wenye ujuzi. Sisi wengine yatutosha kusimama chini na kulowana kwa manyunyu.

Aidha, usiondoke kabla ya kuifuata kahawa hadi kikombeni. Katika msimu wa mavuno, kuelekea mwisho wa mwaka, mgeni huchuma matunda mekundu pamoja na mwenye shamba. Buni iliyokwisha kukauka hutwangwa kinuni, ikapepetwa, ikakaangwa motoni, ikasagwa na kuchemshwa. Baada ya jasho hilo, kikombe kimoja hunywewa kwa heshima.

Nina kosa la kuungama. Safari yangu ya kwanza nilimkubali mtoto wa umri wa miaka tisa hivi anionyeshe njia, nikampa sarafu chache na kujiona mkarimu. Mama mmoja aliyekuwa akianika kahawa aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, leo si siku ya shule?" Niliona haya, kwa kuwa nimesomea ualimu na siku ile ilikuwa Jumanne. Tangu hapo humtafuta kiongozi mtu mzima wa papo hapo kijijini, tukapatana malipo kabla ya kuanza safari. Fedha hiyo huingia katika nyumba ya mkulima, nayo yaweza kumweka mtoto darasani badala ya kumtoa.

Jambo la pili ni udongo. Miteremko ya Elgon ina rutuba, lakini mvua ikizidi huweza kuporomoka. Mwaka 2010 maporomoko ya udongo yaliwafukia watu wengi katika Wilaya ya Bududa, kwenye mlima huu huu. Kwa hiyo miti na matuta uyaonayo si pambo, bali ni kinga ya uhai. Usikate njia ya mkato juu ya tuta la mtu, usivunje tawi ili upate fimbo, wala usishuke magengeni mvua inaponyesha.

Kwa mama na baba wanaopanga kwenda na watoto: chukueni viatu vyenye nyayo za kushika utelezi, sweta, koti la mvua na maji ya kunywa. Miezi ya Desemba hadi Februari aghalabu huwa mikavu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Uzuri wa Sipi umetunzwa na mikono ya wakulima. Tukienda kuutazama, hapana budi mikono hiyo nayo ipate haki yake.